Matanga ya Léocadie

Mimi na Léocadie tulikodi chumba kimoja cha duka huko Rosettenville, Johannesburg. Yeye alikaa upande wa dirisha na cherehani yake, mimi upande wa mlango na khanga zangu, udi na viungo. Mimi Mayasa ni mtu wa Tanga, Mwislamu; yeye Mkongo wa Kalemie, Mkatoliki wa kufunga na kusali. Miezi ya mwanzo hata Kiswahili chenyewe kilitupiga chenga. Baadaye tukazoeana, wateja wakawa wanatudhania ndugu, na sisi tukaacha kuwasahihisha.

Alikuwa na simu mbili. Moja ya kawaida, ya kazi na ya vikundi vya kanisani. Ya pili ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa mpira kwa sababu mfuniko wake ulivunjika, na ndani yake mlikuwa na laini ya Kongo. Hiyo ya pili haikulia ila mara chache sana, lakini kila asubuhi aliichomeka kwenye chaji kabla ya kugusa kazi yoyote. Nilimuuliza siku moja ya nini kuhangaika na simu bubu.

"Ni namba baba Shekinah anayoijua," akajibu, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Nilichokuwa najua kuhusu huyo baba Shekinah kilikuwa kidogo. Aliitwa Thierry, alikuwa fundi wa injini kwenye boti la mizigo la Ziwa Tanganyika, na alipotelea ziwani kabla binti yao hajazaliwa. Shekinah mwenyewe nilimkuta tayari ni mtoto wa shule wa Johannesburg. Mama yake akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiingereza. Akikasirika, hujibu Kizulu.

Mwaka huu, baridi ya Juni ilipoanza, ile simu ya vitufe ililia. Léocadie aliinyakua kwa namna iliyonifanya niweke chini mzani wa iliki. Kumbe alikuwa mama mkwe wake, Mama Orpha, anapiga kutoka Kalemie. Sauti ya yule bibi ilikuwa kubwa, sikuhitaji kutega sikio.

"Léo, mwanangu, magoti yangu yamekwisha. Nataka tukae matanga ya Thierry nikiwa bado niko hai."

"Mama, nitalilia nini? Sikuona maiti. Sikuona hata shati yake."

"Miaka kumi na mitano, Léo."

"Hata kama, mama."

Kisha bibi akambariki, akamsalimu mjukuu, akakata. Siku ile Léocadie alishona kola ya shati nje ndani, akaifumua, akaishona tena vilevile.

Haikupita wiki akaja Suhaib, mtoto wa kaka yangu. Huyu kijana wangu mchana huuza vifuniko vya simu, jioni huigiza na kikundi kimoja cha mchezo wa jukwaani huko Newtown. Aliingia anatabasamu, ananusa pilau ambalo halipo.

"Shikamoo shangazi. Mama Shekinah, shikamoo. Nimekuletea kazi kubwa. Tunataka matanga."

Léocadie alikamata gurudumu la cherehani kwa kiganja, likasimama.

"Nani amekufa?"

"Hakufa mtu, mama! Matanga ya merikebu!" Akaangua kicheko, halafu akaniona uso wangu, akakimeza.

Alieleza. Kikundi chao kilikuwa kinatayarisha mchezo wa kubuni kuhusu zamani za vita vya Waingereza na Wafaransa, enzi ambazo vyombo vyote vya bahari vilikwenda kwa upepo. Walihitaji mtu wa kuwashonea matanga ya kweli, ya kile kitambaa kizito cha maradufu, si shuka za kupaka rangi. Nilidhani Léocadie atakataa. Akauliza mlingoti una urefu gani.

Ukumbi wao ni ghala la zamani. Katikati ya sakafu walikuwa wamesimamisha kiunzi cha chombo chenye milingoti miwili, na upande wa pili nusu ya chombo kingine, kikubwa zaidi, kinachosukumwa kwa magurudumu. Mwongozaji wa mchezo alikuwa mwanamke mrefu wa Soweto, Lindelwa, aliyezungumza kwa mikono kama anakanda unga. Alitushika bega mimi na Léocadie, akatutembeza.

"Hiki kidogo ni skuna," alisema. "Jeshi la majini lilizitumia kwa doria, kupeleka habari na kukamata vyombo vya adui. Hii yetu tumeiita Kozi, kama yule ndege mwindaji. Mizinga yake ni midogo, mabaharia wachache. Ile pale ni merikebu ya adui, imejaa shehena, ina watu mara tatu yao."

"Sasa kidogo kinakamataje kikubwa?" nikauliza.

Lindelwa alifurahi kama mtu aliyeombwa wimbo. Alisema merikebu kubwa hutandaza matanga yake kukingama chombo, kwa hiyo ikitaka kwenda unakotoka upepo lazima izunguke mbali, lakini skuna hutandaza yake kwa urefu wa chombo, ikaukata upepo kwa karibu na kutokea mbele ya adui. Wakati mwingine hupandisha bendera ya uongo hadi ifike jirani. Hapo huishusha, hupandisha ya kweli, na kupiga mzinga mmoja mbele ya omo, pua ya merikebu. Adui akiona hana pa kukimbilia, hushusha bendera yake mwenyewe.

"Na upepo mtautoa wapi?" Léocadie akauliza.

"Tuna feni mbili."

Tulicheka, hata yeye. Alipima, akakata, akashona. Tanga la kwanza lilining'inia kama shuka kwenye kamba. Lindelwa na yeye walilitazama, wakainamisha vichwa, na mwishowe wakakubaliana kwamba kitambaa lazima kishonwe na tumbo, kama kifua cha gauni, ili upepo upate pa kukaa. Alifumua, akaanza upya. Maradufu yalijaa dukani kwetu mpaka wateja wangu wakawa wanaruka vikunjo vyake kuzifikia khanga. Jioni mikono yake ilikuwa myekundu. Lakini nilimsikia akiimba, jambo nisilolizoea.

Siku ya kufunga matanga tulikwenda pamoja, na tukakaribishwa kutazama mazoezi. Feni zikawashwa. Matanga ya Léocadie yakajaa, Kozi ikaonekana kama inainama kweli. Mabaharia wakakimbia huku na huku, ngoma ikapigwa ikawa mzinga, na ile merikebu kubwa ikashusha bendera. Shangwe! Watu wa Kozi wakaruka, wachache wao wakapanda kwenye chombo kilichotekwa, wakashika usukani ili wakipeleke bandarini kwao. Mateka wakasukumwa upande wa kushoto, wakapotea nyuma ya pazia, huku vifijo vikiendelea. Suhaib alikuwa mmoja wao. Alikuwa seremala wa merikebu iliyokamatwa. Nikampigia makofi kwa sababu ni damu yangu.

Nilipogeuka, kiti cha Léocadie kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda nyuma ya lile pazia, nami nikamfuata. Suhaib alikuwa anakunywa maji.

"Munaenda wapi?" Léocadie alimwuliza.

"Nani, mama?"

"Ninyi muliokamatwa. Mukisha kupita hapa, munaenda wapi?"

"Tunabadilisha nguo. Tunarudi tukiwa wachuuzi wa bandarini."

"Hapana. Wale watu wa kweli. Walienda wapi?"

Suhaib aliweka chini chupa ya maji. Léocadie akakaa juu ya rundo la kamba, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia habari yote. Lindelwa alikuwa amesogea pia. Suhaib alimtafsiria kwa sauti ya chini.

Boti la Thierry lilitoka Kalemie asubuhi likielekea Moba, upande wa kusini, limebeba saruji, unga na abiria. Lilikuwa kubwa na zito. Mchana, kutoka ufukoni, ikatokea boti ndogo ya mwendo kasi yenye watu wa bunduki. Kwa mbali walipunga mikono kama wanaomba mafuta, kama wavuvi. Walipofika karibu wakatoa silaha, wakapiga risasi moja hewani. Nahodha akazima injini. Abiria waliteremshwa kwenye kisiwa cha mawe, na ndio walioileta habari mjini. Watu wa kazi hawakuteremshwa. Boti bila fundi haliendi, kwa hiyo fundi alibaki nalo. Abiria walisimama juu ya mawe wakalitazama likigeuzwa kaskazini mpaka likawa nukta.

"Mama mmoja aliniambia Thierry aliwatupia kopo la maji," alisema Léocadie. "Akawaambia wanywe kidogo kidogo. Ni neno lake la mwisho ninalolijua, na hakuniambia mimi."

Mtu mmoja akaenda kuzima feni, matanga yakalegea. Léocadie akainuka, akapangusa sketi, akaomba msamaha kwa kuwachelewesha.

Baada ya siku chache Suhaib alikuja dukani bila vifuniko vya simu. Alikuwa amesoma na kuulizauliza kuhusu mateka wa enzi zile. Akasimama mbele ya cherehani kama mwanafunzi.

"Wengine walibadilishwa na mateka wa upande wa pili, mama. Wengine walifungwa ndani ya merikebu kuukuu zilizogeuzwa magereza. Wengine, hasa mafundi, waliwekwa kazini kwenye vyombo vya waliowakamata, maana seremala mzuri baharini ni adimu. Wapo waliorudi kwao wazee, wakakuta watoto wao wameoa."

"Lakini walirudi."

"Baadhi."

"Fundi hawamuui, basi."

"Hawamuui kirahisi, mama."

Alipoaga nilimfuata nje, nikamfinya mkono. "Usimpe mtu tumaini ambalo huna."

"Sikumpa, shangazi," akasema. "Alikuwa nalo."

Lindelwa naye alikuja, peke yake, na keki ndani ya boksi. Alisema ameubadilisha mchezo. Shangwe zitakatika, mateka watapita mbele ya jukwaa polepole, kila mmoja atasema jina lake na kwao. Alitaka Suhaib atumie jina la Thierry. Alisema itakuwa heshima.

Léocadie alimsikiliza hadi mwisho. Alimwekea chai, akamkatia kipande cha keki yake mwenyewe, ndipo akajibu kwa Kiingereza chake cha kutembea na fimbo.

"Mateka wapite, ni vizuri. Lakini jina la mume wangu si la kuigiza. Bado ana kazi nalo."

Lindelwa alishusha macho. "Ngikuzwile, Mama," akasema, nimekusikia, na kwa hakika alikuwa amemsikia, kwa sababu hakulirudia ombi lile tena.

Mchezo ulifunguliwa Jumamosi mchana. Tulikwenda watatu. Shekinah alivaa koti la mama yake na kukaa na simu mapajani, kama watoto wa siku hizi. Kozi ilipotokea na kujaza matanga, watu walisema aah, naye akainua kichwa. "Mama, hayo ni yako?" akauliza kwa Kiingereza. Mama yake akaitikia kwa nyusi.

Mzinga ukalia. Bendera ikashuka. Vifijo vikaanza, vikakatwa ghafla, na mateka wakaanza kupita. Mmoja akataja jina lake na mji wake. Wa pili akataja lake. Suhaib alijiita jina la kubuni, akasema ni seremala, akasema nyumbani kwake mlango mmoja hakuumaliza. Nikasikia koti la Shekinah likisuguana na kiti. Nilipomwangalia alikuwa haangalii jukwaa. Alikuwa anamwangalia mama yake.

Baadaye tulinunua chipsi, tukakaa kwenye benchi la uwanjani, jua la baridi likitupiga migongoni. Shekinah alichovya chipsi kwenye siki, hakuila.

"Mama, baba alijua kwamba mimi nipo?" Aliuliza kwa Kiingereza, lakini neno "baba" alilisema kwa Kiswahili.

"Hapana. Hata mimi nilikuwa sijajua vizuri. Nilienda dispensari boti likiwa limeshaondoka. Nikarudi nyumbani mbio, nikawa napanga nitamwambia namna gani, nitapika nini. Nikangoja." Akamtengenezea mtoto kola. "Mpaka leo niko na neno moja la kumwambia, na hilo neno ni weye."

Mtoto yule aliweka chipsi chini, akaegemea bega la mama yake mbele ya watu wote, ingawa ni wa umri ambao huona aibu hata kutembea na mzazi.

Jumatatu baada ya shule Shekinah alikuja dukani. Akaomba ile simu ya vitufe. Alitaka kuzungumza na kambo wake, ndivyo wanavyomwita bibi huko kwao. Kila mara walipowahi kuzungumza ilikuwa salamu tu, mama yake akitafsiri. Safari hii alisimama mwenyewe katikati ya duka, Kiswahili chake kikijikwaa kila baada ya hatua.

"Kambo, ni mimi, Shekinah. Naomba… niambie baba."

"Nikuambie nini juu yake, mwanangu?"

"Yote."

Mama Orpha alicheka kwa furaha iliyojaa chumba. Akaanza. Thierry alicheka kwa sauti kabla ya kumaliza mzaha wake. Hakuweza kupiga mluzi. Alikuwa akilala na redio sikioni. Shekinah alikuwa anarudia maneno asiyoyajua, na mimi namsaidia kwa ishara, huku Léocadie akishona tanga lililochanika jukwaani, sura yake imetulia, kwani hayo yote alikuwa anayajua.

"Na ile asubuhi ya kwenda Moba alipita kwangu," bibi akaendelea. "Nilimpa viazi vya njiani. Akaniambia, 'Mama, Léo siku hizi hagusi samaki. Harufu tu inamkimbiza. Nafikiri nitaitwa baba.' Nikamwambia, 'Basi umuulize.' Akasema, 'Hapana, mama. Usimwambie kitu. Acha aniambie mwenyewe nikirudi, nataka kuona uso wake.'"

Cherehani ilisimama. Léocadie aliinuka, maradufu yakaporomoka kutoka mapajani.

"Mama, unasema nini?"

"Nasema yale aliyoniambia. Kwani wewe hukujua?"

"Hakuna aliyeniambia, mama."

"Léo, mimi nilidhani mlikuwa mnajua wote wawili," alisema bibi, na sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Miaka yote hii nilidhani mnajua."

Niligeuza kibao cha mlangoni, nikafunga duka mchana kweupe. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona Léocadie akilia. Alilia amesimama, ameshika ukingo wa meza, na Shekinah amemkumbatia kiunoni, simu bado iko hewani, na huko Kalemie bibi naye analia. Mimi nikawa natafuta sukari ya chai nisiione, na ipo mbele yangu.

Alipopata pumzi alinigeukia. "Mayasa, aliondoka anajua." Akafuta uso kwa pindo la tanga. "Sasa akirudi nitamwambia nini?"

Tukacheka. Sijui kilikuwa kicheko cha namna gani, lakini tulicheka sisi watatu, na bibi naye akacheka kule kwenye simu bila kuuliza sababu.

Kuhusu matanga, hayakukaliwa. Mama Orpha hakuyataja tena siku ile, na alipopiga wiki nyingine aliuliza jambo jingine kabisa: lini atamwona mtoto. Léocadie, ambaye miaka yote alikuwa anakwepa kurudi Kalemie kwa hofu ya kukalishwa chini kwenye mkeka wa msiba, alisema Desemba. Tangu hapo Shekinah hupiga simu kila Jumapili. Kiswahili chake sasa kimekuwa cha Kalemie mpaka mimi ndiye ninayeuliza maana.

Mchezo umemalizika Newtown. Lindelwa amemletea Léocadie kazi nyingine, mavazi ya harusi ya jukwaani, na yeye ameikubali kwa sharti kwamba haitaanzwa hadi arudi. Jana amefunika cherehani yake kwa khanga yangu. Basi lao la Lubumbashi linaondoka Park Station kesho asubuhi, na kutoka Lubumbashi bado kuna safari ndefu ya kwenda ziwani. Nimewakaangia sambusa za njiani na kuwafungia tangawizi, maana Shekinah hutapika kwenye gari.

Leo walikuwa wanabishana wakifunga mizigo. Mtoto anataka wakifika tu waende moja kwa moja kwa kambo. Mama yake anasema sawa, wataenda, hakuna haraka, lakini kwanza wapite bandarini.